Deni la Shaban, Dayodi ya Batuli

"Muulize," alisema Batuli nyuma ya pazia, "muulize siku ya maziko alikuwa wapi! Watu wameitwa mbele ya jeneza, 'Anayemdai marehemu ajitokeze,' wakaitwa tena, yeye kimya. Leo mwenzake yuko chini ya udongo ndiyo anakuja na deni lake begani kama jembe?"

Bi Mwanajuma, shangazi yake, alikuwa amekaa kwenye kizingiti na kigoda chake kama askari wa forodha. Akamgeukia mgeni. "Haya. Unaulizwa ulikuwa wapi."

"Nimesikia, bibi. Pazia si ukuta."

"Hata kama umesikia. Huyu ni kizuka, yumo edani, hasemi na mwanamume asiye wake. Njia ni mimi. Pita kwangu."

Mgeni alivua kofia. Alikuwa mtu mwembamba, suruali imefungwa kamba kwenye vifundo isiliwe na mnyororo wa baiskeli. Jina lake Justus Mahona, mlina asali, Mkristo wa Kimoravian kutoka kijiji kipya njia ya Sikonge. Na kwa kuwa alijua kusoma bila kufuatisha kidole, kijiji kilimfanya katibu wa darasa la redio, lile la watu wazima kusikiliza masomo pamoja. "Mwambie, bibi, siku ya maziko nilikuwa porini nakata miti ya kujengea. Ndiyo tulikuwa tunahamia. Nyumba ya zamani imebomolewa, mpya haina paa, mke ana mtoto mgongoni. Habari ya msiba imenifikia matanga yameshaanuliwa."

"Amesikia," alisema Bi Mwanajuma.

"Basi asamehe," ilisema sauti ya ndani. "Shaban amekufa. Aliyekufa husamehewa. Au kwao Sikonge hawasamehe?"

Justus alisema polepole, kama mtu anayepita mahali penye siafu. "Ningesamehe leo hii. Lakini debe lile la asali si langu. Ni la kijiji. Kila nyumba imetoa. Mkutano ulikaa ukasema, mpelekee fundi Shaban wa Tabora asali kabla, atutengenezee redio yetu, darasa liendelee. Sasa nikirudi nikisema nimesamehe, nimesamehe cha nani? Wataniambia nimeilamba mwenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Asali haikuwapo. Shaban aliipokea siku ya Jumatatu, akaifungua redio siku ya Jumanne, homa ikamshika Jumatano, na debe zima likaishia kwenye uji wa waliokuja kuzika. Waliokunywa walisifu. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Kwa hiyo maiti aliswaliwa, shemeji yake Batuli, Selemani, akasimama akatangaza kwamba ndugu yake hana deni, na watu wakaitikia. Kumbe ana deni, na mashahidi wa deni wamelinywa na kuramba vidole.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," alisema Bi Mwanajuma kwa mgeni. "Wahenga hawakutania. Kapumzishe baiskeli yako. Njoo baada ya Ijumaa mbili."

"Redio itakuwa imepona?"

"Nimekwambia njoo."

Alipoondoka, Batuli alitoka nyuma ya pazia akakaa chini. Hakulia. Hilo ndilo lililowasumbua wanawake wa mtaa wa Isevya, kwamba tangu siku ya kwanza huyu mjane hajatoa chozi. Walimwona anakaa, anakula akipewa, anaoga akiambiwa. Chumvi ilisahaulika kwenye mboga akala. Siku ya pili ikatiwa mara mbili akala vilevile. Wengine walisema moyo wake mgumu, wengine wakasema alimchoka mumewe zamani. Maneno ya watu hayana kodi. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa akingoja kilio kije, kama mtu anavyongoja treni ya kutoka Mpanda, na hakikuja, na baadaye akaacha hata kungoja.

Alichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu. Alijua Shaban yuko kaburini na deni shingoni. Habari hii haikumuuma, lakini haikumwondoka. Ilikaa pale kama kokoto ndani ya kiatu cha mguu uliokufa ganzi.

"Lete meza," alimwambia shangazi.

"Meza gani?"

"Ya Shaban. Iingize ndani."

Bi Mwanajuma alimtazama. "Mwana wewe, umo edani."

"Kilichokatazwa ni wanja, hina, manukato na kutoka nje. Kulehemu kumekatazwa wapi?"

Shangazi alifikiri, akatafuta katika yote aliyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, hakuona katazo. "Babu yako," akasema mwishowe, "alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hapa hadi pwani. Katika ukoo wetu mpagazi akifia njiani, mzigo wake ulichukuliwa na nduguye mpaka ufike. Haukuachwa porini." Akainuka kuburuta meza.

Batuli hakuwa fundi kwa jina. Alisoma hadi darasa la nne. Lakini macho ya Shaban yalikuwa ya mbali, ya karibu yalimshinda, na kwa miaka mingi mkewe ndiye aliyemsomea rangi na mistari iliyoandikwa kwenye vidude vidogo kama punje za ulezi. Anayesoma kila siku kitu kile kile, hata kama hataki, hujua. Chuma cha kulehemu alikipasha kwenye jiko la mkaa, maana nyumba ile haikuwa na umeme, na mita ya Shaban, yenye sindano na nyaya mbili, moja nyekundu na moja nyeusi, aliiweka mapajani.

Ile redio ya kijiji ilikuwa ya sanduku la mbao, ya betri nne kubwa. Kuifungua tu, aliona kilichoiua. Transista mbili za kupeleka sauti kwenye spika zilikuwa zimekufa, na kapasita kubwa, kile kikopo cha kutunza umeme, imevimba tumbo na kutoa utomvu. Redio haifi hivyo kwa uzee. Redio hufa hivyo mtu akitia betri kichwa chini miguu juu, umeme ukaingilia mlango wa kutokea.

Transista na kapasita alizitoa katika redio mbovu zilizojaa chini ya kitanda. Siku moja chuma kilimgusa kidole. Alisikia harufu kwanza, akaona ngozi imekuwa nyeupe, ndipo akajua ni yeye anayeungua. Akakitia kidole majini akaendelea.

Halafu akafikiri jambo ambalo Shaban angelifikiri. Redio hii itarudi kwa watu wale wale wenye mikono ile ile. Akachukua kopo la maziwa ambamo Shaban aliweka dayodi, akachagua moja nyeusi, nene kama punje ya mhindi, yenye mstari mweupe upande mmoja, akaifunga kwenye waya wa kutoka betri. Akatia betri sawasawa, redio ikasema. Akazigeuza, redio ikanyamaza, haikuunguza kitu. Akazirudisha, ikasema. Basi. Alifunga skrubu zote akaifunika kwa kanga.

Justus alikuja siku yake. Aliwasha redio pale barazani, Dar es Salaam ikatoka na taarifa ya habari, na uso wake ukafunguka. Lakini katibu ni katibu.

"Bibi, muulize amefanya nini. Kijiji kitaniuliza."

"Mwambie," alisema Batuli, "nimetia vitu vipya mahali pa vilivyokufa, na nimeongeza kimoja ambacho hakikuwamo. Kinaitwa dayodi. Muulize, baiskeli yake ina valvu?"

"Baiskeli gani haina valvu?" alisema Justus.

"Pampu ikisukuma upepo, kile kimpira cha valvu kinafanyaje?"

"Kinapisha."

"Na upepo ukitaka kurudi?"

"Kinabana."

"Basi dayodi ni valvu ya umeme. Unapita kuja, haupiti kurudi. Huo mstari mweupe ndio unaoonyesha umeme unatokea upande gani."

Justus alikuwa mtu wa kutaka kujua. Ukiishi na nyuki lazima uwe hivyo, la sivyo wanakufundisha wenyewe. "Valvu ina mpira. Hiki ndani kina nini?"

Batuli alijibu nyuma ya pazia. Sauti yake ilikuwa bapa, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani, kwa sababu hayo yalikuwa maneno ya Shaban na alikuwa akiyasema alivyoyasikia.

"Ndani mna punje moja ya kitu kinachotokana na mchanga uliosafishwa mno. Silikoni. Ikiwa safi peke yake haipitishi umeme wa maana. Sasa wao kiwandani wanaitia uchafu makusudi, uchafu wa kupima. Upande mmoja wanatia uchafu wa aina inayoleta watu waliozidi, hawana pa kukaa. Upande wa pili wanatia aina nyingine inayoacha viti vitupu. Ni kama arusi: upande huu watu wamesimama, upande ule viti havina watu. Pale zinapokutana, waliokuwa karibu wameshavuka wamekaa, na katikati pamebaki uwanja mtupu, si mtu wa kusimama wala kiti cha wazi. Uwanja ule ndio mlango. Umeme ukija kwa njia yake, unawasukuma watu kuelekea kwenye viti, uwanja unasinyaa, wanavuka. Ukija kinyume, unawavuta watu nyuma huku na viti nyuma kule, uwanja unapanuka. Havuki mtu."

"Loo," alisema Justus. "Na watu hao ni nani?"

"Ndio umeme wenyewe. Mwambie aende, jua linapanda."

"Kwa hiyo deni?" aliuliza Bi Mwanajuma, ambaye hakusahau lililomweka mlangoni.

"Redio ikae kijijini kwanza, bibi. Darasa likikamilisha wiki, mkutano utatamka kwamba hatudai."

Akaifunga redio nyuma ya baiskeli kwa kamba za mpira kama mgonjwa, akaenda zake.

Hakukawia. Mwezi haujaandama akarudi, redio iko nyuma, na safari hii hakuvua kofia haraka.

"Bibi, shikamoo. Mwambie fundi redio yake inakula betri."

"Marahaba. Redio yake au yenu?"

"Ikisema ni yetu. Ikinyamaza ni yake."

"Haya, maneno hayo," alisema Bi Mwanajuma akigeukia pazia, akiyaonja. "Umesikia? Ikinyamaza ni yako."

"Mwambie hajui kutunza betri," Batuli alijibu. "Zimeisha, anunue nyingine."

"Zinunuliwe wapi?" Justus alisimama. "Duka la ushirika halina betri tangu mavuno, lina viberiti na unga wa njano tu. Na haya, betri hizi zimeisha?" Alizitoa mfukoni zote nne, akazitia ndani ya tochi yake ndefu ya mlinzi, akawasha. Mwanga ukagonga pazia ukaliacha wazi kama karatasi. Nyuma yake umbo la Batuli likaonekana limeinama mezani. "Tochi inaona, redio haioni. Kabla ya kufa redio hii ilisema na betri mbovu kuliko hizi. Tangu imefufuliwa inataka mpya tu, kama bi arusi. Watu wanasema fundi ametutia kidude kinachonyonya."

Bi Mwanajuma alifungua mdomo kumrudi, lakini sauti ya ndani ikawahi: "Lete."

Redio ikapita chini ya pazia. Batuli akaifungua, akatia zile betri, akaweka nyaya za mita. Kabla ya dayodi sindano ilionyesha volti nne na nusu kasoro kidogo. Baada ya dayodi ilionyesha tatu na kitu. Na redio ile ikishuka chini ya nne hunyamaza.

Alitazama sindano ile muda mrefu. Shaban alikuwa akisema kila mlango una kiingilio chake. Wale watu hawavuki uwanja bure. Lazima wasukumwe kwa nguvu fulani ndipo wavuke, na nguvu hiyo inabaki mlangoni. Silikoni inatoza zaidi ya nusu volti, karibu robo tatu. Kwa betri mpya huioni hasara hiyo. Kwa betri za watu wanaokamua betri mpaka tone la mwisho, ni kiingilio kikubwa kuliko ngoma yenyewe. Alikuwa akiyajua haya. Alisoma mistari, akasahau bei.

"Mwambie," alisema, "kosa ni langu."

Justus alikuwa amejiandaa kubishana hadi jioni. Maneno hayo yalimwacha na kofia mkononi asijue pa kuiweka.

"Haraka hiyo?" aliuliza.

"Unataka abishe kwanza?" alisema Bi Mwanajuma. "Nyie watu hamridhiki."

Selemani alipita alasiri kuleta unga, akaelezwa. Alikuwa mwanamume mwema asiyependa mambo marefu, mshona viatu, na kila jambo kwake lilikuwa ama la kukata ama la kushona. "Shemeji, kitoe hicho kidude. Ikirudi kama zamani ndivyo walivyoileta. Watasikia redio yao, watatamka hawadai, nami nitalala. Mimi ndiye niliyetangaza mbele ya watu kwamba ndugu yangu hana deni. Unadhani sioni aibu?"

"Mwambie, wakigeuza betri itakufa tena."

"Hicho kitakuwa kifo kipya cha redio. Deni la Shaban litakuwa limekwisha."

Batuli alimtuma Bi Mwanajuma mlangoni, maana Justus alikuwa bado yuko, anangoja jua lipungue. "Muulize kwa nini zile betri zilitiwa kinyume siku ile. Ni bahati mbaya au vipi?"

Justus alishangaa kuulizwa. "Si bahati mbaya. Ni kuzipumzisha."

"Kufanyaje?"

"Kuzipumzisha, bibi. Betri imelala upande mmoja kutwa nzima, inachoka. Mgonjwa ukimwacha kwa ubavu mmoja si atatoka vidonda? Unamgeuza. Na betri vivyo hivyo, tukimaliza darasa tunazigeuza ndani ya redio zilale upande wa pili, asubuhi zinakuwa na nguvu. Ni kweli zinakuwa na nguvu, tumeona wenyewe."

"Zinapata nguvu kwa kupumzika, si kwa kugeuzwa!" Batuli alisema moja kwa moja, akasahau njia. "Na siku ile nani aliwasha kabla ya kuzirudisha?"

"Kila mtu anamtaja mwenzake. Lakini kugeuza, mama, hatuachi. Mkutano ulipitisha. Kuna zamu."

Bi Mwanajuma aliangua kicheko mpaka akashika mlango. Selemani naye akacheka. Batuli hakucheka, lakini alielewa, wazi kabisa, kwamba ukitoa dayodi unawapa redio ya wiki moja. Watatamka hawadai, redio itakufa, na debe lile la asali litakuwa limelipwa kwa kitu ambacho fundi alijua kitakufa. Shaban hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mtu wa kukoroma na wa kuacha viatu mlangoni. Lakini hakumpa mtu kazi aliyojua itakufa.

"Mwambie alale kwa Selemani," alisema. "Kesho."

Akalimwaga kopo la maziwa kwenye ungo. Dayodi za Shaban zilitoka za kila aina, naye akazitenga kama mtu anayechagua mchele. Nyeusi za silikoni upande huu: hizo ndizo anazozipanga nne nne fundi wa mjini, kwenye redio za nyumba zenye umeme wa mtambo, ule umeme wa kwenda na kurudi, ili wote, wa kwenda na wa kurudi, utokee njia moja. Hazifai hapa; kiingilio. Kisha zena. Hizi zinafungwa kinyume makusudi, na zinakaza mpaka umeme ufike kipimo chake, ndipo zinaachia uliozidi upite, kama bwawa la Igombe linavyomwaga maji ya ziada pembeni ukuta usipasuke. Shaban aliweka moja kwenye redio ya bwana shamba aliyetaka kusikiliza kwa betri ya gari. Hazifai, hapa hakuna cha kuzidi. Ilikuwapo moja nyekundu, iliyong'olewa kwenye kinanda cha kaseti cha mtu wa reli, ambayo umeme ukivuka ndani yake inatoa mwanga mdogo kama jicho la mende. Watu walikuja kuitazama hiyo. Kiingilio chake kikubwa kuliko zote. Akaiweka kando.

Zikabaki za kioo. Ndogo kama punje za mpunga, na ukiinua kwenye mwanga unaona ndani unywele wa waya umegusa kipande cheusi. Si silikoni, ni jemaniamu, ndugu yake mkubwa. Kila redio inayo moja, ya kuchuja sauti: mawimbi yanakuja na sauti juu na sauti chini, na zikiachwa zote zinafutana husikii kitu, ile ya kioo inakata upande mmoja, wa pili unabaki unasema. Jemaniamu haina tamaa. Kiingilio chake ni theluthi ya silikoni, pengine pungufu.

Akaifunga ya kioo mahali pa nyeusi. Redio ikasema na betri zile zile chovu. Bi Mwanajuma akapiga kigelegele kidogo cha chinichini, kwa heshima ya eda. Batuli akaongeza sauti, ya kusikika na darasa zima, na kile kioo kikapata moto, kikatoa harufu, kikafa. Akafunga mbili pamoja. Zikafa kwa kufuatana. Zilizaliwa kubeba mnong'ono, si mzigo.

Aliketi. Akazipima zile zilizokufa kwa mita, kwa mazoea tu. Dayodi nzima inapeleka sindano upande mmoja na upande wa pili inakataa. Iliyoungua ikakata, inakataa kote. Iliyoungua ikashikana, inakubali kote. Hizi zilikataa kote. Aliweka sindano, akageuza, akaweka. Huku hakuna, kule hakuna. Ikampitia kwamba hivyo ndivyo naye alivyo, akaona ni fikra ya kweli, akaiweka kwenye ungo pamoja na nyingine.

Asubuhi, shangazi akifagia chini ya kitanda, fagio liligonga redio ya gari, ya lori lililopinduka zamani njia ya Goweko. Batuli alimwambia aisukume karibu. Ndani yake, juu ya bati nene, mlikuwa na transista ya kofia ya chuma, kubwa kama kifungo cha koti la mzee. Ya jemaniamu. Aliipima. Imekufa, ndiyo, upande mmoja imeshikana. Lakini transista ni dayodi mbili zilizopeana mgongo. Na Shaban alikuwa akisema, nyumba ya vyumba viwili ikiungua chumba kimoja, usivunje chote. Akapima kati ya mguu mmoja na kofia. Sindano ikapanda. Akageuza nyaya. Sindano ikatikisika kidogo tu, kwa sababu jemaniamu huvuja hata ikiwa nzima, kisha ikatulia chini.

Chumba cha pili kilikuwa kizima. Na hiki kilizaliwa kubeba mzigo.

Alichoma waya hapa na hapa, akakifunga kile kifungo cha chuma ndani ya sanduku kwa kipande cha mpira wa ndala kisiguse kitu. Mita ikasema kiingilio ni senti tu kati ya shilingi. Redio ikasema na betri chovu, kwa sauti ya darasa, na kofia ya chuma ikabaki baridi kama mtungi.

Justus alipokuja na Selemani, hakuambiwa kitu. Alipewa redio na betri zake. Aliwasha, akasikiliza. Akapandisha sauti mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Halafu, mbele ya wote, akiwa na uso wa mtu anayejaribu kamba kabla ya kupanda mzinga, akazitoa betri, akazigeuza zote, akawasha. Kimya. Akanusa. Akangoja. Selemani alifumba macho. Justus akazirudisha zilivyokuwa, na mwanamke wa Dar es Salaam akaendelea kueleza namna ya kupika mboga za majani bila kuziua, kama mtu aliyekatizwa na kikohozi.

"Bibi," alisema Justus, "niliambiwa na mkutano, nikiridhika nitamke. Nimeridhika."

"Tamka basi. Na utamke kwa jina lake na la baba yake, isije ikaenda kwa Shaban mwingine."

Akavua kofia. Akasimama wima pale barazani, Mmoravian na miguu yake iliyofungwa kamba. "Shaban bin Nassibu, kijiji hakikudai. Tulikupa asali, umetupa redio. Hatukudai duniani, na huko uliko hatukudai."

Selemani akasema amina na kugeukia ukuta.

Nyuma ya pazia Batuli alingoja aone kama kitu kitakuja. Hakikuja. Ila mabega yake yalishuka, yenyewe, kama mtu aliyetua mtungi, na akagundua kwamba ana usingizi mwingi sana.

"Mwambie nimesikia," alisema.

"Amesikia," alisema Bi Mwanajuma.

"Na wasizigeuze."

"Anasema msizigeuze."

"Tutazigeuza, bibi," alisema Justus akifunga kamba za baiskeli. "Zamu imeshapangwa."

"Haya," alisema Batuli. "Geuzeni."